Mkono Usiojua Kuachia

Hotuba kwenye siku ya familia ya Waswahili wa Leicester, Uingereza, uwanjani, baada ya chakula

Assalaam aleikum, na kwa ndugu zetu wa bara, habari za mchana. Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi watoto mlio pale nyuma mnaochungulia mfuko wangu: uacheni kwanza, tutafika.

Mwenyekiti aliponiomba niseme machache juu ya "ule mchezo wako wa kishada" nilicheka, maana nusu ya mliokaa hapa mlinijua kwa mchezo huo kabla ya kunijua kwa jina. Mimi ndiye yule aliyeonekana na abiria wa basi la asubuhi amelala kifudifudi katikati ya uwanja wa mpira, mikono mbele, kama mtu anayeogelea kwenye majani. Leo nitakwambieni nilikuwa nafanya nini pale.

Kwanza jina. Sisi wa Unguja twasema kishada. Wenzetu wa Mombasa wanasema tiara, na najua tukiuanza ubishi huo biriani itapoa. Lakini kilichomo ndani ya mfuko huu si kishada wala tiara mnayoijua. Vijana wa Paje wanaofundisha wageni baharini wanakiita kaiti, nami nitafuata lugha yao. Hakina njiti hata moja. Ni kitambaa chepesi cha nailoni kilichoshonwa vyumba vyumba, mbele wazi; upepo unaingia, unavijaza vile vyumba, na kitambaa kinasimama kama bawa la ndege. Wazo hilo alilileta Domina Jalbert huko Marekani katika miaka ya 1960, na miavuli mingi ya kurukia kutoka angani leo imejengwa kwa mtindo huo huo. Kaiti yangu ina nyuzi nne, kila mmoja mita 20, na vishikio viwili, kimoja kila mkono. Waliobobea huvutwa nayo wakiwa juu ya kigari cha magurudumu matatu, au ubao wenye matairi, au juu ya maji. Mimi mwaka wa pili huu, na bado nimo kwenye darasa la kusimama wima.

Nilizaliwa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja. Vishada vyetu vilikuwa chelewa mbili zilizofungwa msalaba, karatasi ya gazeti, gundi ya wanga, na uzi wa cherehani ambao mama aliutafuta nyumba nzima asiuone. Ukiingia msimu wa kusi tulikwenda uwanja wa Mnazi Mmoja, bahari iko pale pale, upepo unakuja umenyooka kama kamba iliyovutwa. Tulikuwa na sheria moja tu: usiachie uzi. Ukiachia, kishada kinakwenda zake juu ya mapaa, nawe unarudi nyumbani umeshika kijiti kitupu na wenzako nyuma wanakuimba. Nimeimbwa mara moja tu maishani. Nilikuwa na miaka minane, na mpaka leo nikiukumbuka ule wimbo vidole vinajikunja vyenyewe.

Kwa hiyo nilipoona kaiti kwa mara ya kwanza, kule ufukweni Skegness, nikasema moyoni: huu si mchezo wetu? Wameongeza nyuzi tu. Mtoto wa pwani afundishwe upepo na nani?

Nikanunua kaiti iliyokwishatumika ya mita 5 za mraba. Anayeanza hushauriwa mita 2, na 3 zikizidi. Aliyeniuzia hakuniuliza nina uzito gani wala nimefunzwa na nani, na mimi sikumuuliza lolote. Nilipiga hesabu ya sokoni: bei ya ndogo na kubwa zinakaribiana, basi chukua kubwa, itafaa na watoto.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nne. Uwanja ni ule wa nyuma ya mtaa wetu, mnaujua: miti mirefu upande mmoja, nyumba upande mwingine, njia ya wapita kwa miguu imekatiza katikati, milingoti ya goli miwili miwili. Chini hapakuwa na upepo wa kutikisa leso, ila juu ya miti matawi yalikuwa yakienda na kurudi. Ningekuwa na akili ningeyatazama yale matawi nikarudi nyumbani kulala. Nikakunjua kaiti, nikanyoosha nyuzi, nikavuta. Ikapanda mita tatu, ikakaa kama inafikiri, ikaanguka. Nikavuta tena, ikaanguka. Mara ya saba ikapanda hadi usawa wa vichwa vya miti, na huko ikakutana na upepo ambao mimi huku chini sikuwa na habari nao.

Hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, maana hesabu hii ningeijua mapema ningeokoa suruali mbili. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu ya kukuvuta haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Ukiongezeka mara tatu, nguvu ni mara tisa. Basi mtu aliyesimama kwenye upepo mwororo, kaiti yake ikigusa ghafla upepo wa mara mbili, ni kama alikuwa anavutana kamba na mtoto mmoja, na kufumba na kufumbua wamekuwa wanne, na wote wanakimbia.

Nilipaa kidogo, hilo wenye kuona wamelithibitisha. Kisha nikashuka kwa tumbo, nikaburutwa kuelekea golini. Na mkono je? Mkono ulifanya kile ulichofunzwa Mnazi Mmoja: ulishika. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyovuta vishikio kifuani, na kadiri nilivyovuta ndivyo kaiti ilivyozidi kula upepo. Kishada cha uzi mmoja ukikivuta kinapanda na kutulia. Hiki ukikivuta kwa woga, unakifungulia mlango. Mama mmoja wa makamo mwenye mbwa akaja, akainama, akaniuliza kwa upole kama aniitie gari la wagonjwa. Nikamjibu la, ahsante, nafanya mazoezi.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo la uwanja, maana ndiko uchungu wa anayeanza ulikojificha, na wenyewe waliotangulia hawakwambii, ama kwa sababu wamesahau au kwa sababu wanaishi karibu na bahari. Mkitoka hapa kwenda magharibi, si mbali, kipo kijiji kinaitwa Coton in the Elms, wilayani Derbyshire. Ndipo mahali palipo mbali zaidi na bahari katika Uingereza nzima, kilomita kama 113 hadi pwani iliyo karibu. Sisi ni majirani wa kijiji hicho. Upepo unaofika kwetu umeshapita kwenye vilima, viwanda, misitu, majumba na minara ya makanisa. Umechoka, umepasuka vipande vipande. Unakupiga kofi, unakuacha, unakuja tena kwa bega la pili.

Mti hauzuii upepo kama ukuta unavyozuia jua, ukasema nikisogea hatua kumi nitauona. Upepo ukiuruka mti unaporomoka nyuma yake na kuzunguka zunguka, na vurugu hiyo inaendelea umbali wa kama mara kumi ya urefu wa mti, pengine na zaidi. Miti ya uwanja wetu nadhani ina mita 15. Mara kumi ni mita 150. Siku moja nilikwenda bila kaiti, nikapima uwanja kwa hatua zangu kutoka kwenye miti mpaka kwenye uzio wa pili. Nilipata hatua 190, na hatua yangu haifiki mita. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeshinda miezi mitatu ndani ya kivuli cha upepo, najilaumu mikono mibovu.

Mabaharia wetu wana maneno yao, joshini na demani: upande upepo unakotoka na upande unakokwenda. Babu yangu alikuwa nahodha wa mashua, na nimeyasikia maneno hayo tangu sijaota meno. Lakini kuyajua kwenye hadithi ni kitu kimoja. Mimi nilikuwa nikisimama demani ya miti, karibu kabisa, kwa sababu hapo palikuwa na kivuli na benchi la kuwekea chai!

Nyuzi nazo zina kesi yao. Kaiti ikianguka vibaya, nyuzi nne za mita 20 zinatatana, na uzi wenyewe ni mwembamba kuliko wa mshipi wa changu, mgumu, hauvutiki, ukikaza unakata kidole. Nimewahi kukaa saa nzima na dakika ishirini nikitatua, nimepiga magoti kwenye tope, mvua inaanza, na huku upepo mzuri kuliko wote wa wiki ile unapita juu ya kichwa changu. Nilipomaliza ukalala. Dawa yake niliijua baadaye, na ni rahisi mno: zikunje kwa mtindo wa namba nane, kushoto kulia kushoto kulia, usizizungushe kwa upande mmoja. Na ukiziona zimejisokota mara mbili tatu, usihangaike. Kaiti itaruka tu na itakutii. Kinachoua ni fundo.

Kisha kwa wiki sita kaiti ikawa inakwenda kushoto. Kila nikiirusha, kushoto, chini, puu. Nikabadilisha mkono, nikabadilisha kusimama, nikasema labda ni jicho. Akaja mzee mmoja, Mwingereza, aliyekuwa akinitazama kutoka benchini siku nyingi bila kusema neno, maana hawa wenzetu wanaweza kukutazama ukizama mwaka mzima kabla hawajajitambulisha. Akafunga nyuzi zote nne kwenye kigingi kimoja, akazivuta pamoja mpaka mwisho, akanionyesha: wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa nusu shibiri. Basi. Nusu shibiri katika mita 20, ndiyo iliyonitukana wiki sita. Yawezekana ilikuwa hivyo tangu nilipoinunua. Yawezekana nilifunga fundo mwenyewe nikasahau. Mzee akafungua, akafunga upya, akarudi zake benchini.

Ya watazamaji nitayapita haraka, mnayajua. Uwanja wa watu wote ni wa watu wote. Ukiwa mwanafunzi wa udereva unapewa bango la kuonya watu. Mwanafunzi wa kaiti hana bango. Watoto wanakuzunguka na swali moja: "Inaruka?" Unajibu inaruka. Wanangoja. Haruki mtu wala kitu. Wanaondoka, na mmoja anageuka kukutazama kwa huruma, na huyo ndiye anayeumiza.

Ila kuna siku moja siwezi kuipita. Nilikuwa nimetandaza nyuzi, zimelala kwenye majani, na mita chache za mwisho zilikuwa zimekatiza ile njia ya wapita kwa miguu. Akaja mbwa anakimbia, kafurahi na mpira wake, akaingia. Uzi ukamkaza mguu wa nyuma, akalia. Hakukatika, alhamdulillahi, lakini mwenye mbwa alinitolea maneno, nami nyumbani nikamsimulia mke wangu kana kwamba mkosa ni mbwa. Mke wangu akaniuliza swali moja: "Angekuwa mtoto?" Sikulala vizuri usiku ule. Uzi ule ukilala kwenye majani hauonekani. Ukiwa umekaza, na kaiti inavuta upande wa pili, ni kisu cha mita 20. Yule bwana alikuwa na haki yake, nami nilimtafuta wiki iliyofuata nikamwambia hivyo.

Baada ya hapo alikuja afisa mmoja wa bustani, hakuwa mkali, akasema hapa si mahali pa kitu hiki. Nami nilikuwa nimejiandaa kama wakili. Nikamwambia sheria ya anga ya nchi hii inaruhusu kishada mpaka mita 60 juu ya ardhi bila kibali, 30 ukiwa kwenye eneo la uwanja wa ndege, na nyuzi zangu ni 20 tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hana neno na kilichoko juu. Yeye anaangalia waliopo chini. Nikanyamaza. Bustani nyingi zina kanuni zake, na ya leo tumeiombea ruhusa kwa maandishi, karatasi anayo mwenyekiti.

Hadithi hii ya maafisa na kaiti si ya jana. Alikuwapo mwalimu wa skuli mjini Bristol, George Pocock, ambaye mwaka 1826 alisajili hataza ya gari la kuvutwa na vishada viwili badala ya farasi. Barabara za wakati huo zilikuwa na vizuizi vya ushuru, na ushuru ulitozwa kwa hesabu ya farasi. Linakuja gari, limejaa watu, halina farasi hata mmoja. Likapita bure. Huyu huyu Pocock aliwahi kumketisha binti yake Martha kwenye kiti, akampandisha hewani kwa kishada. Binti akashuka salama, akakua, akaolewa, akamzaa W. G. Grace, mchezaji wa kriketi ambaye Waingereza wanamtaja mpaka leo. Mimi nikisoma habari hiyo nilimfikiria mama yake Martha, alisimama wapi siku ile na alisema nini.

Turudi uwanjani. Kilichonibadilisha ni safari mbili. Ya kwanza, Skegness tena, safari hii na kaiti ya mita 2 na nusu niliyoazima, kwa sababu ile ya 5 nilikuwa nimeshaiuza kwa mtu niliyemuuliza uzito wake. Upepo ulikuwa unatoka baharini, hakuna mti, hakuna nyumba, maji tu mpaka Uholanzi. Kaiti ilipanda mara ya kwanza. Ikasimama juu ya kichwa changu, ikatulia, ikawa inapumua tu. Nikaipeleka kushoto, ikaenda. Kulia, ikaenda. Fikirini kuba la msikiti limekatwa nusu, nanyi mmesimama ndani yake mgongo kwa upepo: pembeni na kileleni kaiti inavuta kidogo, ukiishusha katikati, usawa wa uso wako, hapo ndipo kuna farasi. Kitu hicho nilikisoma mara ishirini, na sikukielewa mpaka siku nilipopata upepo ulionyooka. Dakika kumi Skegness zilinifundisha zaidi ya miezi mitatu ya kwetu. Nilifurahi, halafu nikakasirika, kwa ile miezi.

Safari ya pili haikuwa ya kwenda popote. Yule mzee wa benchini aliniambia tukutane siku ya upepo mdogo kabisa. Akanivisha mikanda kwenye vifundo vya mikono, kila mkanda umeunganishwa na nyuzi za chini za kaiti, zile za breki. Akasema: irushe. Nikairusha. Akasema: achia. Nikamtazama. Akasema tena. Jamani, nilijua kwa akili kabisa kwamba nikiachia vishikio, ile mikanda itazivuta breki, kaiti itaishiwa nguvu na kushuka chini kama shuka iliyotoka kambani. Nilijua. Na vidole vikakataa. Nina miaka 46, nina mke, nina watoto watatu, nina deni la nyumba, na vidole vyangu viko Mnazi Mmoja vinaogopa kuimbwa.

Ilichukua mara tano au sita. Mara ya kwanza nilipoachia kweli, kaiti ilijikunja, ikatetemeka, ikalala kwenye majani kimya. Hakuna aliyeimba. Mzee akasema: tena. Siku ile tuliachia kwa saa nzima, hatukufanya kitu kingine.

Tangu hapo sijaburutwa zaidi ya hatua tatu, isipokuwa mwaka jana, ambayo nitaieleza. Uwanja ule wa nyuma ya mtaa nimeuacha. Natoka mapema, nakwenda nyanda za juu kidogo, mahali ambapo upepo unakuja kwenye majani matupu, na kabla sijafungua mfuko natazama joshini, nahesabu miti, namwaga majani makavu hewani nione yanaangukaje. Mara nyingine nahesabu, nakunywa chai yangu, narudi nyumbani mfuko haujafunguliwa. Mke wangu anaona huo ndio upumbavu mkubwa kuliko wote. Na mvua za mwezi wa kumi na moja, na giza la saa kumi jioni, sina dawa nazo. Sijapanda kigari, sijavutwa juu ya ubao. Sitageuza haya kuwa mawaidha, ya Ijumaa mmeshayapata.

Sasa tutoke. Upepo unakuja kutoka kwenye maegesho ya magari, mwepesi, majani ya ile miti midogo yanacheza bila kelele, unatosha. Miti mikubwa iko demani, mbali, haitatusumbua. Watoto wote wakae nyuma yangu, nyuma ya ile mikeka, na kila mzazi ajue wake yuko wapi. Asipite mtu kati yangu na kaiti, hata mpira ukienda huko, mpira utangoja. Atakayetaka kujaribu tutaanza na ile ndogo, mmoja mmoja, mikanda mkononi, na jambo la kwanza nitakalomfundisha ni kuachia, kabla hata haijapaa.

Na mzee wangu mwenyekiti, nakuomba mbele za watu. Mwaka jana ulinishika kiuno kwa nia njema, tukaburutwa wawili. Safari hii nikianza kwenda, msinikimbilie. Simameni pale pale mlipo, mpige kelele wote kwa pamoja: achia!